Sauti Yangu Ikikuita Kwenye Spika

Haya yalitokea. Sikuhadithiwa, sikuota, na siku hiyo sikuwa na homa. Yalinikuta mimi mwenyewe, Likoni, upande wa Shika Adabu, jua likiwa bado liko juu ya mapaa, na mashahidi wangu ni wanawake wa ukumbi mzima. Wewe usiyetaka kuamini, iache karatasi hii hapo ulipo, nenda zako. Sikubembelezi. Ila ukishaanza usiniachie katikati, maana mwisho wake unakuhusu wewe kuliko mimi.

Utaniuliza, mzee, mbona usirekodi sauti kwenye simu ukatuma, kama watu wote? Mtu aliyeishia darasa la pili yuwatafuta nini na kalamu? Swali zuri. Ngoja.

Mimi ni fundi wa vyombo vya sauti. Spika, mixa, maiki, mambo hayo. Nilianza kwa kubeba magunia Changamwe, kwa mgongo huu huu, nikanunua amplifaya iliyokufa, nikaifufua mwenyewe, hakuna aliyenishika mkono. Leo harusi, maulidi, matanga, mikutano ya siasa, toka Likoni hadi Kisauni, wakitaka watu wasikie huniita mimi. Cheti changu ni kwamba spika zangu hazipigi mluzi.

Siku hiyo sikuitwa na mteja. Harusi ilikuwa yangu. Ya Mwanasiti, mtoto wa ndugu yangu marehemu. Ndugu yangu alikwenda huyu mtoto hajaota meno, nikamchukua, nikamlea pamoja na wangu. Mimi ni ami yake. Na kwa kuwa hana baba, hana babu, hana kaka, mimi ndiye walii wake. Adhuhuri ilipokwisha niliketi msikitini nikashikana mkono na bwana harusi, nikamuoza. Kwa msiojua mambo yetu: bibi harusi hayuko pale msikitini. Yuko nyumbani, keshatoa idhini yake, na mbele ya watu walii ndiye anayemsemea. Nilimsemea kwa maiki yangu mwenyewe, mtaa mzima ukasikia.

Bwana harusi ni kijana wa adabu, kazi yake iko Uarabuni. Likizo ilikuwa inamalizika. Angekaa na mkewe siku chache tu kisha arudi alikotoka, na tangu hapo nyumba yao ingekuwa simu. Hakuna nyumba nyingine. Sauti ya Mwanasiti kwenye simu ndiyo ndoa yenyewe. Hilo lishike, usiliachie.

Alasiri ikawa zamu ya wanawake, kupamba. Bibi harusi huketishwa jukwaani na hina yake na dhahabu yake, macho chini, hasemi, hacheki, wenzake wamtazame. Mwanamume haingii. Hata mimi ami mtu siingii, kwani mle ndani mabuibui yamevuliwa. Na simu haziingii, watu wasije wakapigana picha zikasambaa. Mlangoni alikaa Mwanakombo, jirani yangu, mwanamke mwenye mikono ya kumng'oa mtu bega, na ndoo mbele yake. Simu ya kila mgeni ilizimwa ikatiwa ndooni. Aliyebisha alirudi kwao.

Kwa hiyo fundi wa harusi zetu hufanya kazi kama kipofu. Spika huziingiza mapema, ukumbi ukiwa mtupu. Kisha hutoka, akapitisha nyaya zake dirishani, akaketi nyuma ya ukumbi chini ya turubai na mixa yake. Kinachoingia ndani ni maiki tu, mkononi mwa mwimbaji. Maiki hiyo haina waya. Ndani ya mpini wake mna transmita inayorusha sauti hewani, na mezani kwangu iko risiva inayoidaka. Nasikia yote. Sioni kitu.

Seti ile ilikuwa mpya. Risiva moja, antena mbili, maiki mbili, kila maiki na chaneli yake. Moja nikampelekea Bi Saumu, mwimbaji, nayo ya pili nikaiacha sandukuni. Hata betri sikuitia.

Sasa, ukumbi ule ni wa mawe ya kizamani, kuta nene, na nilipojaribu sauti ilikuwa inakatikakatika. Nyuma ya risiva kuna vijiskurubu, kila chaneli na chake. Ukikikaza, risiva inakuwa na maringo, hupokea sauti yenye nguvu peke yake. Ukikilegeza, inafungua mlango, inapokea hata kinachonong'ona kwa mbali. Nikavilegeza vyote viwili mpaka mwisho. Mafundi wote hufanya hivyo, asikudanganye mtu. Ubaya wake ni kwamba chaneli isiyo na maiki hudaka takataka, redio za askari, za madereva, za kivukoni. Wengine huizima. Mimi sikuizima, nilijua wanawake, wakati wowote wangetaka maiki ya pili.

Nikawa napima. Moja, mbili. Moja, mbili. Kazi ya kila siku.

"Unamwita nani?"

Nyuma yangu. Hakuna salamu, hakuna hodi. Nikageuka nikaona buibui jeusi, uso umefunikwa, macho tu. Mimi ni mtoto wa Mombasa, kitu cha kwanza nikatazama miguu, maana jini huwa na kwato. Niamini, ilikuwa miguu ya mtu, na visigino vimepasuka kama vyangu. Lakini ile sauti! Ile sauti ilikuwa ya mwanamume. Mwanamume mzima, mtu wa bara, unamsikia kabisa.

Hapo nikaelewa, au nilijiona nimeelewa. Wako wanaume hawana haya, huvaa buibui wakajipenyeza kwenye kupamba wakatazame wake za watu. Tumewahi kuwashika. Damu ikanipanda.

"Namwita mamako," nikamwambia. "Toka hapa."

"Nataka kumwambia bibi harusi neno moja. Nipe hiyo ya sandukuni."

"Vua buibui kwanza tuone ndevu, ndipo useme neno. Wajua vijana wa mtaa huu humfanya nini mwanamume aliyevaa buibui?"

Akacheka. Nguo ya usoni haikutikisika. Umewahi kuona mtu akicheka na nguo ya mdomoni isitikisike?

"Nilikusikia mchana ukimsemea," akasema. "Sauti nzito. Sauti kama hiyo inakaa. Hii yangu imechakaa."

"Nenda kanunue nyingine."

"Haziuzwi, mzee. Watu huitika tu."

Nikachukua stendi ya maiki, chuma kile, nikamwendea. Hakukimbia. Alirudi kinyumenyume mpaka pembe ya ukumbi, ananitazama.

"Usijisumbue na mlango," akasema. "Umeniachia wazi."

Akapinda pembeni. Nami nikapinda. Upande ule ni kichochoro kisichotoka, mwisho wake ni ukuta wenye vigae vya chupa juu. Hapakuwa na mtu. Nikajiambia karuka. Mwanamume akiogopa kipigo huruka hata na buibui. Nikarudi kwenye meza yangu nikitukana.

Jambo moja nililiona na nikalipuuza. Kila alipokuwa akisema, taa za kijani za chaneli ya pili zilikuwa zikipanda na kushuka. Nikasema, hizo ni redio za kivukoni.

Ukumbi ukajaa. Bi Saumu akaanza, na yeye akianza hata mapazia husikiliza. Kaimba moja, kaimba ya pili, ngoma zinajibu, vigelegele vinamwagika dirishani. Nami mzee nimeketi nje na soda yangu nimeridhika. Nasikia mpambaji akisema mtoto kapendeza, nasikia mashangazi wakilia. Kisha, baina ya wimbo na wimbo, spika zikasema:

"Bi Saumu."

Sauti ya mwanamume. Ukumbi ukaangua kicheko. Wao walijua nini? Mwanamume pekee aliyekuwa na maiki ni fundi aliye nje.

"Bi Saumu."

"Abee, fundi!" akajibu kwenye maiki, na mzaha wake. "Na wewe wataka kuimbiwa? Ngoja nimalize na bibi harusi, nitakuja huko nje nikupambe!"

Kicheko kikapanda mpaka dari. Na mimi huku nje sijafungua mdomo.

Ngoma zikaanza tena. Ngoma peke yake. Sauti ya Bi Saumu haikutoka. Nikapandisha mixa, wapi. Nikatazama risiva, maiki yake yawaka, betri imejaa, lakini taa za sauti zimelala chini kama mtu aliyekufa. Punde nikaona buibui limetupwa kichwani ovyo linakuja kwa kasi. Ni Bi Saumu na maiki yake mkononi.

"Mzee, umekula nini leo? Waniita mbele ya watu kisha wanizimia maiki?"

"Sikukuita."

"Nimekusikia kwa masikio yangu haya!"

"Mimi husema kama mtu wa bara?"

Nikamnyang'anya maiki nikasema moja, mbili. Ndani ya ukumbi sauti yangu ikanguruma. Nikampa. Akasema moja, mbili. Kimya. Taa haikusogea. Nikasema mimi, ikanguruma. Akasema yeye, kimya. Maiki ile ile, betri ile ile.

"Ni ujanja wenu mafundi," akasema.

Akamfuata Mwanakombo mlangoni, akaitoa simu yake ndooni, akaiwasha, akampigia dereva wake aliyekuwa akimngoja barabarani. Nilisimama karibu, nikasikia. "Haloo? Haloo, Bi Saumu? Sikusikii." Bi Saumu akapiga kelele mpaka wapita njia wakageuka. "Haloo? Hakuna sauti, Bi." Nikaichukua simu nikasema neno moja tu. Dereva akasema, "Naam mzee, wewe nakusikia."

Mwanamke yule anaishi kwa sauti yake. Nilimwona akishika koo lake kama mtu anayetafuta mkufu ulioibiwa.

Ndipo spika za ndani zikasema, kwa upole, kwa utamu, "Mwanasiti."

Wallahi nilikuwa namtazama Bi Saumu usoni. Midomo yake ilikuwa imefungwa. Na sauti ile ilikuwa yake.

"Nani yuko mle na sauti yangu?" akaninong'oneza.

Hapo ndipo nilipoelewa kweli. Watu huitika tu. Aliyeitwa akaitika, sauti yake ikachukuliwa, na sasa anayeitwa ni mtoto wangu. Nikamwona kijana wa watu huko Uarabuni ameshika simu sikioni, haloo, haloo, usiku baada ya usiku, na mwanamke upande wa pili analia asisikike, mpaka siku atakayochoka.

Utasema, bibi harusi hasemi, si ndiyo mila? Ndiyo, na hilo ndilo lililompa nafasi. Lakini Mwanasiti nimemlea mimi. Tangu yuwatambaa nilimtia kichwani: mkubwa akikuita, itika, usimwache akafika mara ya tatu. Nilimtia hata kwa kofi. Namjua mtoto wangu. Mara ya tatu angeitika, hata jukwaani, hata mbele ya wakwe.

"Mzibe mdomo!" nikamwambia Bi Saumu. "Nenda, mzibe mdomo kwa mkono wako, asiitike!"

Akakimbia ndani. Lakini ukumbi umeshona, watoto chini, wazee vitini, jukwaa liko mwisho kabisa. Angefika lini? Mimi nikarudi kwenye vyombo vyangu nikashika waya mkubwa wa stima, ule unaolisha ukumbi mzima na vyombo vyangu, nikaung'oa ukutani.

Feni zikasimama. Taa zikazima. Spika zikanyamaza. Nikasema alhamdulillahi.

Sikuimaliza. Kutoka mlangoni, ndani ya ndoo, simu zote zile zilizozimwa zikasema kwa pamoja, kwa vinywa vidogo vidogo, "Mwanasiti, mwanangu."

Mwanakombo aliirusha ndoo. Simu zikatawanyika barazani, nyingine kifudifudi, nyingine chali, vioo vyeusi, zote zinasema. Mwanamke asiyeogopa mwanamume yeyote Likoni alipanda juu ya kiti akakunja nguo kama aliyeona panya. "Mzee! Mzee, zinaongea na zimezimwa!" Kwani mimi sioni?

Nikapiga kelele dirishani, "Usiitike! Mwanasiti, usiitike!" Nilipiga kelele kwa nguvu zangu zote. Lakini wanawake wamekatikiwa na stima, wanafanyaje? Walipiga vigelegele kuzima aibu, na ngoma juu yake. Nikasikia sauti ya shangazi yake, wazi, karibu na dirisha: "Itika basi, mwanangu, Bi Saumu akuita. Usimwaibishe." Hawakujua. Walidhani ni mchezo wa mwimbaji.

Nikageuka kwenye meza. Sikiliza sasa, hapa ndipo watu hunicheka. Risiva haina stima. Waya niliung'oa mimi, uko chini, nimeukanyaga. Lakini chaneli ya pili ilikuwa inawaka. Taa zake za kijani zimejaa mpaka juu, zinatulia, kama mtu aliyevuta pumzi anajiandaa kusema.

Mlango wake ulikuwa hapo. Basi nami nitapita hapo hapo.

Nikafungua sanduku nikatoa ile maiki ya pili. Nyepesi, tupu, haina betri. Nikasukuma kiswichi. Ikawaka.

Spika zikaanza, "Mwana—"

"Labeka!" nikasema.

Ikakatika.

"Labeka, mimi hapa! Mwanasiti leo hasemi. Mchana nimemsemea msikitini na sasa namsemea tena. Mimi ndiye walii wake. Anayemtaka huyu mtoto hupitia kwangu, mwanaharamu mkubwa wewe. Umeita, nimeitika. Chukua ulichokuja kuchukua uondoke harusini kwangu!"

Nilijisikia nikinguruma ndani ya ukumbi ule usio na stima. Kuta zilitikisika. Kisha, sijui nikuelezeje, uliwahi kuvuta uzi uliojitokeza kwenye nguo, ukavuta, ukadhani umeisha, nao bado unakuja? Kitu kama hicho kilipita kooni mwangu. Hakikuuma. Kilitoka tu, kikatoka, kikatoka, na maiki mkononi mwangu ikawa baridi.

Halafu spika zikasema, taratibu, kwa adabu kubwa. Kwa sauti yangu mimi.

"Ahsante, mzee. Hii itakaa."

Taa za kijani zikazima.

Nilirudisha stima. Feni zikaanza. Ndani nikasikia Bi Saumu akisema "haloo" kwenye maiki aliyoingia nayo, kwa woga, kama mtu anayegusa maji kwa kidole. Haloo yake ikatoka. Akasema tena, ikatoka. Kisha akalia, na wanawake wakadhani analia kwa furaha ya harusi, wakamtuza. Aliniambia baadaye kwamba alipofika jukwaani Mwanasiti alikuwa ameinua uso, mdomo umefunguka, neno liko ulimini. Liliishia hapo.

Mwanasiti yuko salama. Kila siku husema na mumewe. Chumba chake kimepakana na changu, namsikia akicheka, namsikia akimgombeza kwa nini hajala. Hajui yote. Nimemwambia nusu. Hii nusu nyingine ataisoma hapa.

Na mimi? Mimi nina koo zima. Daktari alilimulika akasema halina kitu. Ukija sokoni utanisikia toka mbali, nikigombana na wauza samaki kama zamani. Lakini chombo chochote chenye umeme hakinijui. Nikisema kwenye maiki, ya waya au isiyo na waya, hakuna kitu. Nikipiga simu watu hukata, hudhani mtandao mbovu. Nikirekodi ujumbe wa sauti unatoka ukimya mtupu, hata kuhema hakusikiki. Sheikh amenisomea. Mganga mmoja wa huko Kwale alitaka mbuzi, nikamfukuza. Nilikuwa nikiadhini alfajiri kwenye msikiti wetu, mtaa mzima ulikuwa ukiamka kwa sauti hii. Siku hizi kijana mwingine hushika maiki. Mimi, nikipewa zamu, husimama kibarazani nikaadhini kwa koo, wakanisikia nyumba za karibu na paka.

Ndiyo maana naandika. Umepata jibu lako?

Lakini hayajaisha. Siku moja, jua kali, nimelala kitandani, nasikia mtu anabisha. "Hodi? Shikamoo, mzee." Niliruka nikashika panga. Kwa sababu ile sauti naijua! Ndiyo ile ya kichochoroni, ile ya mtu wa bara, ile ya buibui. Nikatoka nimeinua panga, nikamkuta mwanamume mnene mwenye suti na Biblia kwapani, ameganda barazani kwangu, mikono juu.

"Mzee, mimi ni mhubiri tu!"

"Sema tena."

"Mimi ni mhubiri, natoka Bombolulu! Bi Saumu ndiye aliyenielekeza!"

Midomo yake ilikuwa inatikisika. Nikashusha panga. Masikini, sauti ilikuwa yake.

Nikamtilia kahawa akanieleza. Alikuwa kanisani kwake, waumini bado hawajafika, risiva imewashwa, maiki haijawashwa. Akaitwa jina lake kwenye spika, sauti ya mama mzee, kwa heshima. Akaitika. Tangu siku ile akawa anahubiri kwa kupaaza koo, watu wanamhama. Kisha siku moja alasiri, akiwa na simu sikioni kwa mazoea tu, mkewe akamjibu. Baadaye akasikia habari za harusi yetu, akamtafuta Bi Saumu, naye akamwelekeza kwangu. Tulipolinganisha, ilikuwa alasiri ile ile Bi Saumu aliposema abee.

Basi umeona mambo yalivyo. Yule kiumbe ana nafasi ya sauti moja. Akipata mpya, ya zamani humrudia mwenyewe.

"Kwa hiyo, mzee," mhubiri akaniambia, anazungusha kikombe, haniangalii, "wewe subiri tu. Mtu mwingine ataitika. Yako itarudi, kama yangu."

"Mtu gani?" nikamuuliza.

Akakitua kikombe.

"Mtoto wa nani?"

"Mzee, mimi nilisema tu—"

"Kunywa kahawa yako, nyamaza."

Akanywa, akaaga. Si mtu mbaya. Lakini neno lile amelisema mbele yangu na wengine wamelisema nyuma yangu, hata nyumbani kwangu. Subiri, ataitika mtu. Na kweli, yuko kazini. Juzi fundi mmoja wa Kisauni aliniambia, "Mzee, mbona uliniita kwenye risiva nikakosa kukuona?" Nikamuuliza uliitika? Akasema, "Nilikuwa na kaimati mdomoni, nilipomeza ulikuwa umenyamaza." Kaimati, jamani! Mtu kaokolewa na kaimati.

Kwa hiyo wewe mwenye vyombo, zima chaneli isiyo na maiki. Kaza kile kiskurubu, sauti ikikatika na ikatike. Na wewe usiye na vyombo, uliye harusini, msikitini, kanisani, au umelala na simu yako imezimwa kando ya mto, ukisikia mzee wa Mombasa mwenye sauti nzito anakuita jina lako kwa upole, ujue si mimi. Uliza yeyote Likoni, sijawahi kumwita mtu kwa upole. Mimi nikikutaka nitakuja mlangoni kwako, nitabisha hodi, na utaniona.

Usiitike. Ukiitika yangu inarudi, hilo nalijua, na sasa wewe pia unalijua, na bado nakwambia usiitike. Wafundishe wanao wenye adabu, hao ndio wepesi wa kunaswa. Mwache aite. Mwache aite na sauti yangu hiyo hiyo mpaka imchakae kinywani.